Lita hainenepeshi mtu

Katika bajeti ya mwaka wa fedha 2017/18, Serikali ya Tanzania ilipandisha ushuru wa bidhaa kwenye vinywaji baridi kutoka shilingi 58 hadi shilingi 61 kwa lita. Chukua kalamu. Soda ya mililita 350, ile unayoinywa umesimama dukani kwa Mangi ili urudishe chupa, ilikuwa inalipiwa ushuru wa shilingi 20 na senti kidogo. Baada ya bajeti ikawa shilingi 21 na senti kidogo. Ongezeko: shilingi moja. Shilingi ambayo Mangi mwenyewe hawezi kukurudishia chenji yake, maana sarafu hiyo watoto wa siku hizi hawajawahi kuishika.

Nimeanza na shilingi hiyo kwa makusudi. Kila mjadala wa unene unapoibuka huku kwetu, iwe Machi 4 ambayo ni Siku ya Unene Duniani au ile wiki ya Novemba ya magonjwa yasiyo ya kuambukiza, hakosekani mtu wa kusema, "Mbona soda tunaitoza kodi siku zote?" Ni kweli, tunaitoza. Ila ushuru wetu unapima kimiminika, hauulizi ndani yake kuna nini. Lita ya soda yenye vijiko ishirini na sita vya sukari na lita ya soda isiyo na sukari hata chembe zinasimama kwenye foleni moja na kulipa sawasawa. Kwa mkusanya kodi hilo halina tatizo, kwa sababu lita ni rahisi kuhesabu. Kwa kongosho la mnywaji, tatizo liko hapohapo.

Hivyo vijiko ishirini na sita sikuvitoa hewani. Juzi niliweka mezani jikoni chupa moja ya soda ya kola, kijiko cha chai, kisahani na mfuko wa sukari. Kwenye lebo, kwa herufi za kutafutwa na miwani, imeandikwa gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100. Kwa chupa ya mililita 350 hizo ni gramu 37. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinabeba gramu kama 4. Nikahesabu vijiko tisa na nusu ya nusu. Kilima kikalifunika lote ua lililochorwa katikati ya kisahani. Binti wa dada yangu, mwenye miaka kumi na moja, alikuwa ananitazama tangu kijiko cha pili.

"Anko, unapika kashata?"

Nikamwambia hiyo ni sukari ya soda moja. Akacheka, akaisogelea chupa na kuitazama kwenye mwanga kana kwamba sukari ingeonekana imetuama chini. "Si inatosha chai ya nyumba nzima hiyo?" Inatosha, na kesho yake asubuhi tuliinywea chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati tunayokula kwa siku, na inakuwa bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, yaani vijiko kama sita kwa mtu mzima. Chupa moja tu, ya kusukumia chipsi mayai mchana, imeshapitiliza hapo.

Sisemi kwamba soda peke yake ndiyo imetunenepesha. Kuna mafuta ya kula ya kupima, kuna zege, yaani chipsi mayai, linalokaangwa usiku kila kona ya Dar es Salaam, kuna bodaboda iliyotuondolea hata ule mwendo wa kutoka kituoni hadi nyumbani, kuna kazi za kukaa. Lakini mabadiliko yenyewe yamekwenda mbio. Tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu zinaonyesha kwamba mwaka 1991/92 wanawake wa Tanzania wenye umri wa kuzaa waliokuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa asilimia 11. Mwaka 2015/16 walifika 28. Kenya, utafiti wa mwaka 2014 uliwakuta asilimia 33. Hakuna ukoo unaobadilika damu ndani ya miaka 25, na sidhani kama mama zetu walikuwa na nidhamu kuliko dada zetu. Kilichobadilika ni duka.

Sasa tazama jibu la Serikali. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Viongozi walivaa trakisuti, vikundi vya jogingi vya Temeke na Kinondoni vikapata heshima vilivyostahili siku nyingi, na kwa miezi kadhaa barabara zilipendeza kweli. Sina ugomvi na mazoezi. Moyo unayahitaji, akili inayahitaji, na mtu anayekimbia na wenzake alfajiri ana raha ambayo haiandikiki kwenye sera. Ila hesabu zinakataa. Kuiunguza soda moja kunataka karibu nusu saa ya kutembea kwa kasi. Jumamosi moja kwa mwezi dhidi ya chupa moja kwa siku ni mechi ambayo matokeo yake yanajulikana kabla ya filimbi. Na mara nyingine unakuta, mwisho wa mbio hizo za hisani, gari la vinywaji limeegeshwa kwenye mstari wa kumalizia na wakimbiaji wanagawiwa soda baridi.

Wauza soda wanaupenda sana ujumbe wa mazoezi. Agosti 2015 gazeti la New York Times liliandika kwamba Coca-Cola ilikuwa ikifadhili kundi la wanasayansi lililojiita Global Energy Balance Network, ambalo ujumbe wake ulikuwa kwamba watu wamejishughulisha mno na kile wanachokula na kusahau kwamba hawafanyi mazoezi ya kutosha. Chuo Kikuu cha Colorado kikarudisha dola milioni moja za kampuni hiyo, na kabla ya mwaka kwisha kundi likavunjwa. Ukishaufahamu mkasa huo, kila ukisikia kiongozi anasema "tatizo letu ni uvivu" utajiuliza maneno hayo yalianzia wapi.

Waliolijibu swali la duka kabla yetu ni Wamexico, na kisa chao nakirudia kila ninapopata nafasi. Meksiko ilikuwa nchi ya soda. Rais wake wa mwaka 2000 hadi 2006, Vicente Fox, aliwahi kuiongoza Coca-Cola ya nchi hiyo. Kufika mwaka 2012, watu wazima saba kati ya kumi walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri, na kisukari kilikuwa miongoni mwa wauaji wakubwa kabisa wa taifa. Wanaharakati wa shirika la watetezi wa walaji, El Poder del Consumidor, chini ya Alejandro Calvillo, waliungana na watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Umma, wakapata fedha kutoka mfuko wa hisani wa tajiri wa Marekani, Michael Bloomberg, wakaanza kazi.

Jambo la kwanza walilofanya lilikuwa kubadilisha swali. Mwaka 2013, abiria wa treni za chini ya ardhi za Jiji la Meksiko walikutana na mabango yenye chupa ya soda ya mililita 600 na swali moja: je, ungekula vijiko 12 vya sukari? Bango halikumwonyesha mtu mnene, wala halikumwambia mtu apunguze tumbo. Kilichoshtakiwa pale ni chupa. Hapo ndipo ninapoiona akili ya kampeni ile, kwa sababu mtu ukimtukana mwili wake anafunga masikio, lakini ukimwonyesha alichouziwa anaanza kuuliza maswali.

Januari 1, 2014 kodi ikaanza: peso moja kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari ya kuongezwa, sawa na karibu asilimia 10 ya bei. Vyakula visivyo vya lazima vyenye nishati nyingi navyo vikawekewa asilimia 8. Watafiti walipofuatilia manunuzi ya kaya za mijini walikuta vinywaji vilivyotozwa vimeshuka kwa asilimia 5.5 mwaka wa kwanza na asilimia 9.7 mwaka wa pili, ukilinganisha na ilivyotarajiwa kama kodi isingekuwepo. Ndoo haikujaa, lakini maji yaliingia. Na waliopunguza zaidi ni kaya maskini, jambo ambalo nitalirudia.

Halafu ikaja sehemu ya kutisha. Mwaka 2016, wanaharakati walipokuwa wakidai kodi hiyo iongezwe maradufu, simu zao zilianza kupokea ujumbe wa ajabu. Dokta Simón Barquera, mtafiti wa taasisi ile ya afya, alipokea ujumbe uliodai binti yake amepata ajali mbaya na yuko hospitalini, bonyeza hapa. Mwingine ulimtangazia msiba. Calvillo naye alilengwa, pamoja na Luis Encarnación aliyekuwa akiongoza muungano wa mashirika ya kupambana na unene. Februari 2017 wataalamu wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, walionyesha kwamba viungo vile vilibeba Pegasus, programu ya kijasusi ya kampuni ya NSO ya Israeli ambayo yenyewe husema inauza kwa serikali tu, kwa ajili ya kuwasaka magaidi na wahalifu wakubwa. Silaha ya kuwindia magaidi ilielekezwa kwa watu waliokuwa wakidai peso moja iwe mbili. Ukitaka kujua sera ya kodi inauma kiasi gani, usisome taarifa ya wizara. Tazama nani amepelekewa ujumbe wa aina hiyo.

Kodi haikuongezwa maradufu wakati ule. Imebidi kusubiri hadi Januari 2026 ndipo ikapanda kweli, ikapita peso 3 kwa lita. Karibu miaka 12 ya kusukumana.

Hata hivyo kodi ya Meksiko nayo ni ya lita, kama yetu. Inatushinda kwa ukubwa wake, na iliviacha nje vinywaji visivyo na sukari, ambavyo hadi mwisho wa 2025 havikuguswa, lakini haitofautishi kati ya soda yenye gramu 5 na yenye gramu 12. Mwenye kiwanda hana sababu ya kugusa mapishi yake. Somo la mapishi liko Uingereza na Afrika Kusini.

Machi 2016 Waziri wa Fedha wa Uingereza, George Osborne, alitangaza kodi ya ngazi mbili ambayo, ilipoanza Aprili 2018, ilitoza kinywaji chenye gramu 5 za sukari au zaidi kwa mililita 100 peni 18 kwa lita, na chenye gramu 8 au zaidi peni 24. Chini ya gramu 5, hulipi kitu. Kisha akawapa wenye viwanda miaka miwili. Miaka hiyo miwili ndiyo iliyofanya kazi kuliko kodi yenyewe. Kampuni moja baada ya nyingine ilirudi maabara. Huko Scotland kuna soda yao ya rangi ya machungwa, Irn-Bru, wanayoipenda pengine kuliko timu yao ya taifa. Ilikuwa na gramu 10.3, na Januari 2018 ikashushwa hadi 4.7, yaani kidogo tu chini ya mstari. Watu waliandikisha malalamiko mtandaoni, wengine wakanunua makreti ya mapishi ya zamani na kuyaficha kama watu wanaosubiri vita. Vita haikuja. Kati ya 2015 na 2020, wastani wa sukari katika vinywaji vilivyoguswa na kodi hiyo ulishuka kwa asilimia 46, na wanywaji wengi wala hawakulazimika kuacha chochote. Waliendelea kufungua chupa zilezile, ila ndani kulikuwa na sukari pungufu.

Kwa upande wa hazina ilikuwa kinyume. Mwanzoni walitarajia kukusanya pauni milioni 520 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza zilipatikana kama milioni 240. Kwa macho ya mkusanya kodi hilo ni anguko la aibu. Kwa macho ya daktari, ni ushindi, kwa sababu kila pauni isiyopatikana ni sukari ambayo haikuingia kwenye chupa. Kodi ya sukari iliyotungwa vizuri hupimwa kwa fedha zisizokuja. Na hapa nadhani ndipo penye ugumu wetu wa kweli, zaidi hata ya nguvu za makampuni. Mamlaka zetu za mapato zinaishi kwa malengo ya makusanyo. Mwezi ukiisha tunatangaziwa mabilioni yaliyopatikana na asilimia ya lengo iliyofikiwa. Hakuna kamishna anayepongezwa kwa kodi iliyoshindwa kukusanya. Ndiyo maana ushuru wa soda huku kwetu huongezwa shilingi moja, mbili: kiasi kinacholeta mapato bila kumshtua mnywaji asije akaacha. Umetungwa ili usifanye kazi ya afya, na kazi hiyo ya kutofanya kazi unaifanya vizuri.

Afrika Kusini walichukua njia ya gramu. Pendekezo la Wizara ya Fedha la mwaka 2016, chini ya Pravin Gordhan, lilikuwa senti 2.29 kwa kila gramu ya sukari, ambalo lingepandisha bei kwa karibu asilimia 20, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikuwa likikitaja. Wakulima wa miwa na watengenezaji wa soda walijaa bungeni na hesabu za ajira zitakazopotea. Upande wa pili walisimama HEALA, muungano wa watetezi wa afya, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Kilichotoka Aprili 1, 2018 kilikuwa kimepunguzwa makali: senti 2.1 kwa gramu, na gramu 4 za kwanza katika kila mililita 100 bure. Kwa soda ya kawaida ikawa kama asilimia 11. Hata hivyo, hiyo iliyokatwa mbawa iliruka. Utafiti wa manunuzi ya kaya za mijini ulikuta sukari itokanayo na vinywaji hivyo imeshuka kutoka gramu 16.25 kwa mtu kwa siku kabla kodi haijatangazwa hadi gramu 10.63 baada ya mwaka mmoja wa utekelezaji. Theluthi nzima. Na kama Uingereza, sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokea kiwandani. Baadaye siasa za miwa zilirudi na nguvu, na nyongeza iliyotangazwa mwaka 2022 ikaahirishwa, kisha ikaahirishwa tena.

Wenye ndugu Muscat na Dubai wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Saudi Arabia na Falme za Kiarabu zilianza mwaka 2017, Oman mwaka 2019, kwa kutoza asilimia 50 juu ya bei ya vinywaji vyenye gesi. Bei ilipanda, lakini viwanda havikubadilika sana: kama kila soda inalipa asilimia 50, yenye sukari na isiyo na sukari, kwa nini ujisumbue na mapishi? Sasa, kuanzia Januari 2026, Falme za Kiarabu zimehamia kwenye ngazi za sukari, na mistari yao ni gramu 5 na gramu 8 kama ya Waingereza. Nchi tajiri kiasi hicho, isiyo na njaa ya mapato ya soda, imekaa zaidi ya miaka minane na kodi ya bei kabla ya kukubali kwamba kinachopaswa kupimwa ni sukari. Sisi hatuhitaji kungoja miaka minane kujifunza somo lililokwisha kufundishwa.

Pingamizi zipo, na si zote ni za kununuliwa. La kwanza ni la maskini: kodi ya matumizi humwumiza zaidi asiye nacho. Kwa unga na mafuta ya taa nakubali. Kwa soda, takwimu za Meksiko zinaonyesha kwamba asiye nacho ndiye aliyepunguza zaidi kununua, maana yake ndiye aliyelipa kidogo kuliko ilivyodhaniwa. Na kisukari nacho kinatoza kodi. Muulize yeyote anayenunua dawa ya kila mwezi na vipimo bila bima, au familia iliyomsindikiza baba yao kukatwa mguu.

La pili ni zito zaidi, na sijaona watetezi wa afya wakilijibu vizuri: kwetu sukari nyingi hainywewi kwenye soda. Inakaa kwenye chai. Inakaa kwenye uji wa watoto, vitumbua, juisi ya miwa ya kona, juisi za unga za mia mia zinazogandishwa kuwa barafu. Mapema mwaka 2024, mvua za El Niño zilipovuruga uzalishaji na kilo ya sukari ikapita shilingi 4,000 sehemu nyingi za nchi, kelele hazikuhusu soda hata kidogo. Zilihusu chai ya asubuhi. Waziri yeyote aliyepita kwenye moto ule hatasimama kirahisi kuisema vibaya sukari. Lakini ushuru wa gramu kwenye vinywaji vya viwandani hauigusi kilo ya dukani. Unamgusa mtu mwenye maabara, mizani na mhasibu, ambaye anaweza kubadilisha mapishi ya chupa milioni kwa barua moja. Mama anayeweka vijiko vitatu kwenye kikombe tutazungumza naye kwa njia nyingine, na taratibu. Kwa nini tuanze na yeye?

Kuhusu ajira na kuhusu soda za magendo kuvuka Namanga na Tunduma, nadhani hofu imetiwa chumvi. Denmark ni kweli iliweka kodi ya mafuta yaliyoganda mwaka 2011 na kuifuta Januari 2013, watu wakiwa wanavuka kwenda Ujerumani kununua siagi. Lakini soda ni nzito, ni ya bei ndogo, na chupa zetu za kioo hurudishwa. Mtu wa magendo ana mizigo mizuri zaidi ya kubeba.

Lipo tatizo jingine ambalo halimo kwenye jedwali lolote la kodi. Sisi tunauogopa wembamba. Kizazi changu kilikua wakati UKIMWI ulikuwa unaitwa Juliana kule Kagera na Slim kule Uganda. Tuliona majirani wakikonda kama ng'onda, na tulijua kabla ya daktari. Kwa miaka mingi, mtu aliyetoka likizo amejaa mashavu alipokewa kwa "hongera, mwili umekubali", na aliyepungua alipokewa kwa kimya, kisha minong'ono. Mama mmoja jirani yangu, mwenye presha, aliambiwa kliniki apunguze kilo kumi. Alipunguza nne, akaacha, kwa sababu sokoni walianza kumuuliza kama "yuko salama". Mabango yanayocheka vitambi hayatamsaidia mama huyu. Amebanwa pande mbili, huku anaitwa bonge na huku anahesabiwa siku zake. Ndiyo maana naupendelea ule mwelekeo wa Meksiko wa kuihoji chupa na kumwacha mtu na mwili wake.

Kodi pia haitoshi peke yake, na hapa Chile wametutangulia. Sheria yao, iliyosukumwa kwa miaka na seneta Guido Girardi ambaye ni daktari wa watoto, ilianza kutumika Juni 2016: alama nyeusi ya pembe nane mbele ya pakiti, kama ile ya "simama" barabarani, kwa kila bidhaa iliyopita kiwango cha sukari, chumvi, mafuta au nishati. Mwenye alama haruhusiwi kuuza shuleni wala kuwatangazia watoto. Chui wa kwenye boksi la nafaka akaondolewa, na lile yai la chokoleti lenye kijisanamu ndani likapigwa marufuku. Manunuzi ya vinywaji vyenye alama yalishuka kwa karibu robo. Meksiko walifuata mwaka 2020. Huku kwetu, tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulipohamishiwa Shirika la Viwango, chombo cha kusimamia alama kama hiyo kipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuidai, na wa kuendelea kuidai baada ya kamera za Machi 4 kuondoka.

Karibu na ninapoishi kuna shule ya msingi. Kibao chake kimesimama kwenye kona ya barabara: jina la shule katikati kwa herufi nyeupe, na kulia na kushoto nembo ya soda, kubwa kuliko jina. Watoto mia kadhaa wanapita chini yake kila asubuhi. Siku moja nilimkuta mwalimu mkuu getini, nikamsalimu, na baada ya maneno mawili matatu nikamwuliza kwa nini shule inabeba tangazo la soda.

Hakukasirika. Alikitazama kibao kama mtu anayekitazama kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Kile cha zamani kiliangushwa na mvua za masika," akasema. "Tuliandika barua kuomba kingine, mwaka mzima. Hawa walikuja na nguzo, rangi na fundi wao, asubuhi hadi saa saba wamemaliza. Wewe kaka yangu ungetuletea nguzo?"

Nikasema sijui nguzo inauzwaje. Akacheka, akaniaga, akarudi ndani kugonga kengele.